Herufi "q" ya mwisho katika Kihani haitamkwi: kuhusu jedwali lenu la Kihani na Kiakha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni ulichapa makala juu ya lugha za milimani kusini mwa China, pamoja na jedwali la namba moja hadi kumi katika Kihani na Kiakha. Mwandishi alipanga safu mbili, akahesabu maneno "yanayofanana", akapata manne kati ya kumi, akahitimisha kuwa lugha hizo zina udugu wa mbali tu. Tunamshukuru kwa kuigusa mada ambayo magazeti yetu huipita kando. Lakini hesabu yake ni mbovu. Katika namba zile kumi, zote kumi ni za asili moja. Kilichomponza ni kulinganisha herufi huku akidhani analinganisha sauti.

Tuanzie hapo hapo alipojikwaa. Othografia, yaani utaratibu wa maandishi, ya Kihani inayotumika China ilitungwa mwaka 1957 kwa herufi za Kilatini, na msingi wake ni usemi wa Dazhai, wilaya ya Lüchun, mkoa wa Yunnan. Watungaji hawakuweka vialama juu ya irabu; badala yake konsonanti kadhaa walizipa kazi ya pili. Silabi ikiishia na l, hakuna l yoyote ya kutamka: maana yake toni, yaani kimo cha sauti, ni ya juu. Ikiishia na q, toni ni ya chini. Isipoishia na chochote, toni ni ya kati. Na v inayofuata irabu inamwambia msomaji akaze koo. Kwa hiyo "tatu", ambayo jedwali lenu limeiandika sol, hutamkwa so kwa toni ya juu. "Tano", ngaq, ni nga kwa toni ya chini. "Sita", kuvq, ni ku yenye koo lililokazwa, toni ya chini. Linalowatega wengi ni "moja": qiq. Q ya mwanzo ni konsonanti kweli, karibu na ch yetu ikisindikizwa na pumzi. Q ya mwisho ni toni tu. Asiyejua atasoma "kik". Hata jina la watu wenyewe huandikwa Haqniq, na lugha yao Haqniqdoq.

Kiakha nacho kimeandikwa kwa othografia zaidi ya moja. Inayokutwa sana katika kamusi ni ile ya Paul Lewis, mmisionari Mbaptisti wa Marekani, aliyetoa kamusi ya Kiakha mwaka 1968. Huyu toni alizionyesha kwa vialama vidogo mwishoni mwa silabi, na wachapaji wavivu huviacha vyote. Kisha iko irabu moja isiyokuwepo katika Kiswahili: u inayotamkwa midomo ikiwa imetandazwa kama ya mtu anayetabasamu. Lewis aliiandika ui. Wahani huiandika ee. Ndiyo maana "mbwa" kwa Kiakha huonekana a-k'ui na kwa Kihani aqkeeq. Ukiyatazama, hakuna linalofanana zaidi ya ile a ya mwanzo na k. Ukiyasikiliza, konsonanti ya mzizi ni ile ile, irabu ni ile ile, toni ni ile ile. Vivyo hivyo "kula": Kihani zaq, Kiakha dza. Z ya Kihani si z ya "zawadi", ni dz. Neno ni moja.

Hatua ya kwanza ya kulinganisha, basi, ni kuyatoa maneno yote katika othografia zao na kuyaandika upya kwa mfumo mmoja wa kifonetiki, toni zikiwa tarakimu. Desturi ya wataalamu wa eneo hilo ni kipimo cha 1 hadi 5, tarakimu moja kwa mwanzo wa silabi na moja kwa mwisho wake: toni ya juu 55, ya kati 33, ya chini inayoshuka 31. Hatua hii inachosha, nayo ndiyo hurukwa. Anayeiruka huchafua kila kitu kinachofuata.

Hatua ya pili ni ile ambayo mwandishi hakuijua kabisa, na inafaa tukae nayo. Udugu wa lugha haupimwi kwa kuona maneno yanakaribiana sura. Unapimwa kwa kuona tofauti inajirudia ile ile, neno baada ya neno. Wasomaji wa Mombasa na Zanzibar wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Kiunguja kinasema cheka, Kimvita kinasema teka, Kiunguja chinja, Kimvita tinda, macho, mato, nchi, nti. Hakuna anayedhani kuwa teka na cheka ni maneno mawili yasiyojuana. Ch ya huku ni t ya kule, tena na tena, na kule kujirudia ndiko ushahidi. Neno moja peke yake lingekuwa sadfa.

Sasa tazameni "moja" tena: Kiakha ti, Kihani qiq, yaani chi. Mtu wa Pwani hapo anatabasamu, maana ni t na ch zile zile. Ila ajihadhari na jambo moja, ambalo hata wanafunzi wa isimu hulikosea. Ipi ya zamani, t au ch? Lugha mbili peke yake haziwezi kutoa jibu. Lazima aitwe shahidi wa nje. Kwa upande wetu mashahidi ni Kiganda na Kinyarwanda, vinavyosema -seka, na Kigiryama kinachosema -tseka. Mashahidi hao wanaonyesha kuwa sauti ya kale haikuwa t kavu. T ya Mombasa ilizaliwa baadaye. Kwa Kiakha na Kihani mashahidi ni Kilahu na Kilisu, lugha ndugu za jirani, na maandishi ya Kiburma, na vyote vitatu vinaanza "moja" kwa t. Kwa hiyo kule t ndiyo kongwe, na ch ya Lüchun ndiyo iliyolainika mbele ya i. Sura ni ile ile, mwelekeo ni kinyume. Aliyesoma "lugha hii imehifadhi, ile imebadilika" kutoka safu mbili tu amebahatisha.

"Tatu" inapendeza zaidi. Kiakha kinasema sm. Si makosa ya chapa, Mhariri: m yenyewe ndiyo inayobeba silabi, pamoja na toni ya juu, kama m ya "mtu" inavyosimama peke yake midomoni mwetu. Kihani kinasema so. Mwandishi wenu aliweka alama ya "haifanani". Lakini maandishi ya Kiburma yana sum, na ya Kitibeti yana gsum. Palikuwa na irabu, kisha m mwishoni. Kiakha kimemeza irabu kikabaki na m. Kihani kimeacha m kikabaki na irabu. Kila ndugu amerithi nusu ya kikombe kilichovunjika, na ukiviweka vipande pamoja unaona kikombe kilivyokuwa. Kiakha kina silabi nyingine za namna hii, na atakayefanya kazi kwa makini ataziorodhesha zote, aone upande wa Kihani panajitokeza irabu gani, kisha ahesabu. Zikijitokeza mara nne au tano kwa mpango mmoja, ana kanuni. Ikiwa ni mara moja, ana dhana tu.

Koo linalokazwa nalo lina historia. Lugha zote mbili zina toni tatu, na zote mbili zinatenga irabu za kawaida na irabu za koo lililokazwa. Sauti hii haikushuka kutoka mbinguni. "Sita" kwa Kitibeti huandikwa drug, kwa Kiburma khrok. "Jicho" ni mig na myak. Maneno hayo yaliishia na konsonanti ya kukata pumzi. Kiakha na Kihani zimeiangusha konsonanti, lakini koo limebaki limebana pale ilipokuwa, kama kovu. Ndiyo maana kukazwa huku hukutwa kwenye toni ya kati na ya chini, na kwenye toni ya juu ni nadra. Basi msaidizi wa utafiti akikuletea orodha iliyojaa irabu za kukazwa zenye toni ya juu, usishangilie ugunduzi. Rudia kusikiliza rekodi.

Na rekodi ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Rekodi kwa faili za WAV, kilohezi 44.1 au 48, biti 16 angalau, 24 ikiwezekana. Usitumie MP3 wala ujumbe wa sauti wa simu: mfinyo wa faili hukwangua vile vimitikisiko vidogo vya koo unavyovitafuta. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya k na t zenye pumzi isiipige. Kila neno litamkwe mara tatu, nalo liwe ndani ya sentensi fupi isiyobadilika, kwa sababu neno lililotamkwa peke yake hushuka toni mwishoni, hata ya kati ikasikika ya chini. Mvua juu ya paa la bati haina dawa, subiri ikatike.

Ukifika kwenye kupima, usilinganishe hezi za mwanamume na za mwanamke moja kwa moja. Mwanamume anayepanda kutoka hezi 110 hadi 130 amepanda hezi 20. Mwanamke anayepanda kutoka 220 hadi 260 amepanda 40. Mtu wa haraka ataandika kuwa toni ya mwanamke ina mteremko mara mbili. La. Uwiano ni mmoja, na ukiugeuza kuwa nusutoni za muziki, wote wawili wamepanda karibu 2.9. Programu ya kuchambua sauti iitwayo Praat, ambayo ni ya bure, hufanya kazi hiyo kwa amri moja. Jihadhari nayo pia: irabu ya kukazwa hukwaruza, na programu mara nyingi husoma mkwaruzo kuwa sauti imeshuka nusu nzima. Grafu ikionyesha kiwango kimeanguka ghafla kutoka 120 hadi 60, hakuna binadamu aliyeshuka hivyo; mashine imekosea.

Tuje kwenye orodha yenyewe ya maneno. Namba kumi hazitoshi, na tena namba ni uchaguzi mbaya. Sisi Waswahili tungekuwa wa kwanza kulijua hilo. Anayetulinganisha na Wabantu wenzetu kwa namba atakuta sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, aseme karibu theluthi ya damu yetu haipo. Namba hupita sokoni, na soko halina kabila. Kwa Kihani na Kiakha bahati imekuwa njema, namba za chini ni zao wenyewe, lakini bahati si mbinu. Tumia orodha ya maneno 100 au 200 ya viungo vya mwili, maumbile, wanyama na vitendo vya kawaida. Kwa Asia ya kusini-mashariki mwanaisimu James Matisoff aliandaa orodha ya maneno 200 inayolingana na mazingira ya huko. Mkulima wa bondeni hahojiwi juu ya barafu. Maneno ya shule, serikali na mashine yaache nje kabisa: upande wa Honghe, Yunnan, yanatoka Kichina, upande wa Chiang Rai, Thailand, yanatoka Kithai, na yatakuonyesha umbali ambao ni wa mipaka ya nchi tu.

Kuna mtego mwingine ambao mtu wa Kiswahili ana kinga nao tangu utotoni. Kwa Kiingereza mchele, mpunga na wali vyote ni neno moja. Kwa Kithai hali ni hiyo hiyo: neno ni khao, na anayetaka kutofautisha huongeza kivumishi. Wachina, kama sisi, wana maneno tofauti. Kihani na Kiakha vilevile hutofautisha, na wali uliopikwa kwa lugha zote mbili ni ho, toni ya chini. Sasa mhojaji anakwenda Chiang Rai akiuliza kwa Kithai, "mnaitaje khao?", mzee anafikiria shamba, anampa neno la mpunga. Mwenzake huko Lüchun anauliza kwa Kichina, "mnaitaje fan?", yaani wali, anapewa ho. Wanarudi mjini, wanaweka maneno mawili kwenye mstari mmoja, wanaandika "tofauti". Neno ambalo lugha hizi mbili zinalitamka kwa namna moja limehesabiwa dhidi yao, na hakuna atakayegundua kwa sababu rekodi ni safi na maandishi ni sahihi. Dawa ni kuonyesha kitu chenyewe, sahani ya wali, konzi ya mchele, suke la mpunga, au kuuliza ndani ya kitendo: "kula ho" si "kupanda ho".

Tena usihesabu viambishi. Majina mengi ya wanyama huanza na a-, kama tulivyoona kwa mbwa. Hiyo a- haisemi mbwa, kama vile ki- haisemi kisu. Ukiiacha ndani, maneno yasiyohusiana yataonekana yana nusu ya ufanano, na asilimia zitafura. Kata kiambishi, linganisha mzizi, kisha kiambishi kiandikie safu yake.

Toni nayo si pambo la kuongezwa baadaye. Katika lugha zote mbili nga kwa toni ya juu ni "mimi", na nga kwa toni ya chini ni "tano". Jedwali lililochapwa bila toni linawaunganisha mimi na tano, halafu linapata "ufanano" wa bure kila linapotafuta. Kwa Kihani ngal hoq maq zaq ni "mimi wali si kula", yaani sili wali: mtendaji, kitendwa, kikanushi, kitenzi mwisho. Kwa Kiakha mpangilio ni ule ule, na kikanushi ni ma vilevile. Sentensi hiyo, hata hivyo, masikioni mwa mwenyeji ni kama mtu aliyetoka nje bila shati. Katika mazungumzo huongezwa kijineno mwishoni, na katika Kiakha vijineno hivyo hueleza msemaji amejuaje analolisema: ameliona mwenyewe, au amelihisi na kulijua kwa njia nyingine. Hapa ndipo lugha ndugu huachana kwa kasi kuliko katika maneno ya msingi, na hapa orodha ya maneno haifiki. Mtu anaweza kutambua kila mzizi katika sentensi ya jirani, asijue kama anaambiwa habari, anaulizwa au anatahadharishwa.

Sasa asilimia. Mwandishi alisema 40. Tuchukulie kwa hisani kuwa hesabu ilikuwa sawa. Kwa maneno 10, kiwango cha kosa la sampuli ni takriban pointi 30 kila upande: jibu lingeweza kuwa 10 au 70. Kwa maneno 100 yaliyotoa 80, kosa hushuka hadi karibu pointi 8. Ndiyo maana hatuchapi asilimia ya maneno kumi. Haipungukiwi ladha, inapungukiwa maana. Na hata 80 iliyopatikana kwa haki haisemi kama watu wanaelewana.

Kuelewana hupimwa kivyake. Unarekodi simulizi ya dakika 3 hadi 5 kutoka kwa mwenyeji wa kijiji A, jambo lililompata yeye, si ngano inayojulikana kila mahali, maana ngano mtu huikisia. Unatunga maswali 10, moja baada ya kila sehemu. Kwanza unawajaribu watu wa kijiji A wenyewe. Swali ambalo wenyeji wanalikosa ni swali baya, litupe. Kisha unawapelekea angalau watu 10 wa kijiji B, mmoja mmoja, kwa vipokea sauti vya masikioni, wasisikilizane. Kabla ya yote unauliza nani amewahi kuishi, kuoa au kufanya biashara upande wa pili, na hao unawaweka kando. Ukiwachanganya, alama zao zitaonyesha kwamba lugha zinakaribiana, kumbe zinaonyesha tu kwamba wamesafiri. Dalili ya kuwa umewachanganya ni alama kutawanyika sana, mmoja 95, mwingine 30. Uelewa unaotokana na udugu wa lugha wenyewe huwakusanya watu pamoja.

Limebaki suala la majina, na hapa makala yenu iliwachanganya wasomaji zaidi. Katika sensa ya China ya 2020 Wahani ni zaidi ya milioni 1.7, na wengi wako Honghe, kwenye yale mashamba ya ngazi yaliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2013. Lakini hesabu hiyo inawajumuisha pia Waakha wa Xishuangbanna, ambao kwa Kichina huitwa Aini, pamoja na Wabiyo, Wakaduo, Wahoni na wengineo. Ukivuka mpaka kwenda Kengtung nchini Myanmar, Phongsaly na Luang Namtha nchini Laos, au Chiang Rai nchini Thailand, Waakha ni Waakha, hawamo ndani ya jina la mtu. Vietnam kuna Hà Nhì, wanaohesabiwa kivyao.

Wataalamu wa China wamegawa lugha zinazoitwa Kihani katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lina Kihani chenyewe na Kiakha, pamoja. La pili lina Kihoni na Kibaihong, la tatu Kibiyo na Kikaduo. Fungu la kwanza lina b, d na g za kutetemesha nyuzi za sauti, kama ile dz ya "kula". Mafungu mengine mawili yamezipoteza, yamebaki na p, t na k za namna mbili, yenye pumzi na isiyo na pumzi. Maana yake Kiakha cha Thailand, ambacho makala yenu ilikiita "lugha nyingine", kiko karibu zaidi na Kihani cha Lüchun kuliko Kibiyo, ambacho ilikiita "lahaja ya Kihani" kwa sababu tu wasemaji wake wana kitambulisho kimoja na Wahani. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha kila kimoja kina msimbo wake: hni kwa Kihani, ahk kwa Kiakha, how kwa Kihoni, byo kwa Kibiyo, ktp kwa Kikaduo. Kinyarwanda na Kirundi ni majina mawili na watu wanaelewana. Kimijikenda ni jina moja lenye watu tisa ndani yake. Jina la lugha na umbali wa lugha ni vitabu viwili.

Kitu kimoja kinachowaunganisha Wahani na Waakha bila ubishi, na ambacho tungependa kukiona kwenye ukurasa wenu, ni nasaba. Mwana huanza jina lake kwa silabi ya mwisho, au mbili za mwisho, za jina la baba. Mlolongo wa Waakha kuanzia kwa binadamu wa kwanza huenda hivi: Sm Mi O, O Toe Leh, Toe Leh Dzm, Dzm Mo Yeh, na kuendelea kwa zaidi ya vizazi 50, vyote kichwani bila karatasi. Wahani nao hutaja nasaba kwa mtindo huo huo. Kwa mlinganishaji hii ni hazina, kwa sababu mnyororo hujikagua wenyewe: ukiruka kizazi, silabi hazifungamani. Ukipanga nasaba ya ukoo wa Kiakha kando ya ile ya ukoo wa Kihani, unatafuta ni kizazi cha ngapi majina yanaacha kuwa yale yale. Ila majina ya mwanzo kabisa yasigeuzwe miaka kwa kuzidisha vizazi mara 25. Kabla ya Sm Mi O nasaba hutaja mizimu, na mizimu haina umri wa kuzaa. Na angalieni yale majina: sm na dzm, m inayobeba silabi, ile ile iliyoko katika "tatu".

Ombi letu ni dogo. Jedwali lichapwe upya likiwa na safu nne: Kihani kwa othografia yake, Kiakha kwa othografia yake, zote mbili kwa maandishi ya kifonetiki zikiwa na toni, na safu ya mwisho ya Kiburma cha maandishi kama shahidi. Mistari mitano inatosha kwa nafasi ya gazeti. Moja: qiq, ti, na Kiburma tac. Mbili: niq, nyi, hnac. Tatu: sol, sm, sum. Tano: ngaq, nga, nga. Sita: kuvq, ko, khrok. Chini yake muweke maelezo ya mstari mmoja kwamba l, q na v za mwisho katika Kihani hazitamkwi, na mpiga chapa aambiwe asizifute akidhani ni makosa, wala asiongeze irabu kwenye sm.

Wasomaji wenu,
Walimu wa isimu linganishi,
Dar es Salaam